Mjusi Asiye na Magamba

Maneno haya niliyasema mwezi Novemba, siku ya wazazi, katika shule moja ya msingi hapa Moshi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza tu pale nilipojirudia, maana uzee una marudio yake.

Mwalimu Mkuu, walimu, wajumbe wa kamati ya shule, wazazi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Na ninyi wanafunzi, ambao kwa kweli ndio nimekuja kuzungumza nao. Marahaba. Marahaba, wajukuu zangu. Kaeni. Na wewe hapo nyuma, teremka kwenye huo mti, utanisikia vizuri tu ukiwa chini.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa maktaba yenu, kwenye rafu ya vitabu vya msaada. Akanijia binti mmoja wa darasa la nne na kitabu cha picha kilichotoka Uingereza. Amekifungua katikati, kidole kiko juu ya picha. "Shikamoo Bibi. Huyu ni mjusi?" Nikavaa miwani. Mnyama mwembamba, mkia mrefu, miguu minne mifupi, tumbo la rangi ya chungwa lenye madoa meusi, anaogelea kati ya majani ya majini. Kabla sijajibu, akaongeza: "Maana kama ni mjusi, mbona hana magamba? Na kama ni samaki, mbona ana vidole?"

Nimefundisha baiolojia sekondari miaka thelathini na moja. Wanafunzi wa kidato cha sita walioniuliza swali zuri kiasi hicho nawahesabu kwa mkono mmoja, na vidole vinabaki.

Nilimjibu hivi: si mjusi wala si samaki. Waingereza wana jina lake, nami nimelikunja kidogo likae kwenye kinywa chetu: nyuti. Ni wa ukoo wa salamanda. Kiswahili hakina jina lake la asili kwa sababu hakupata kufika kwetu. Salamanda na nyuti wapo Ulaya, Asia na Amerika. Afrika wako kule juu kabisa, Moroko, Algeria na Tunisia, lakini kusini ya Sahara hakuna hata mmoja. Jangwa lile ni ukuta kwa mnyama wa ngozi mbichi. Ila ndugu yake tunaye, tena wengine mmelala naye jana usiku bila kujua. Ndugu yake ni huyu hapa kwenye ndoo.

Msikimbie. Ni chura tu. Anaishi nyuma ya pipa la maji nyumbani kwangu, mwaka wa tatu huu, na kodi yake ni mbu na mende.

Njoo wewe, binti wa kitabu. Kwanza lowesha mikono humu ndani ya ndoo. Mikono mikavu inamkwangua ule utelezi wake, na utelezi huo ndio nguo yake. Haya, mshike hivi, usimbane. Waambie wenzako, ana magamba? Hana. Ana makucha? Hana, vidole vitupu. Mjusi wa ukutani ana magamba na makucha, ngozi yake kavu, na mayai yake yana ganda, anaweza kuyataga hata nyuma ya fremu ya picha ya harusi. Nyuti na chura mayai yao ni ute mtupu. Ukiyaanika juani, baada ya muda mfupi hakuna kitu. Kwa hiyo ule mkia usiwadanganye. Nyuti ana sura ya mjusi, lakini mwili ni wa chura.

Sasa mtazame chini ya kidevu. Panapanda na kushuka, panapanda na kushuka. Chura hana mbavu za kutanua kifua kama zako, kwa hiyo anasukuma hewa kwa koo, kama wale wahunzi wa kule Mamba na mivukuto yao. Lakini mapafu yake ni madogo na hayamtoshi. Hewa nyingine inapita kwenye ngozi. Nyuti ni vivyo hivyo. Tena huko Amerika wako salamanda wengi ambao hawana mapafu kabisa, hata dogo. Ngozi na kinywa, basi, wanaishi.

Na kunywa je? Nani amewahi kumwona chura ameinamisha kichwa anakunywa maji kama kuku? Hakuna. Chura hanywi maji, anayakalia. Chini ya tumbo, karibu na mapaja, ana ngozi laini inayofyonza maji kama tambara. Akiwa na kiu anakaa penye unyevu, basi.

Aa! Amekukojolea. Msicheke jamani, na wewe usimwachie, umekwisha kulowa tayari. Hayo si machafu kama mnavyodhani, mengi ni maji aliyoyahifadhi. Kibofu chake ni dumu lake la akiba, kiangazi anayanyonya tena kidogo kidogo. Akiogopa anayamwaga yote. Ndiyo maana kumshikashika chura wakati wa ukame ni sawa na kwenda nyumbani kwa mtu na kumwagia uani dumu lake la mwisho. Mrudishe sasa. Asante.

Nikiwa hapo hapo kwenye ngozi, niseme na wavulana. Kuna mchezo nimeuona mtaani kwangu, wa kumwagia chura chumvi "aone". Mama zenu wakitengeneza kachumbari, vitunguu wanavifanyaje? Wanavitia chumvi, wanavifikicha, halafu? Vinatoa maji, vinalegea. Chumvi inavuta maji. Sasa huyu ambaye ngozi yake ni mdomo wake na nusu ya mapafu yake, ukimwagia chumvi, unamfanya kitunguu cha kachumbari angali hai. Sisemi zaidi. Mmekwisha nyamaza.

Na chunjua, wazazi, hazitokani na chura. Chunjua ni virusi vya binadamu, tunaambukizana wenyewe. Vile vipele vya mgongoni mwake, na zaidi haya matezi mawili nyuma ya macho, vina sumu, hilo ni kweli. Mbwa akimng'ata mnamwona anavyotoka povu. Kwa hiyo baada ya kumshika tunanawa, na hatujigusi macho. Yanatosha hayo, mambo ya uchawi sikuja kuyajadili.

Sasa turudi kwa nyuti, maana binti ananiangalia.

Jina la ukoo mzima ni amfibia. Wagiriki walimaanisha maisha ya pande mbili, majini na nchi kavu. Dunia ina spishi zao zaidi ya 8,000. Vyura peke yao wanapita 7,000. Salamanda na nyuti ni kama 800. Na kuna kundi la tatu, la wasio na miguu, kidogo zaidi ya 200, ambao nitawaungamia dhambi yangu baadaye.

Nyuti jike hatagi rundo la mayai kama chura. Anataga moja, analikunjia ndani ya jani la mmea wa majini kwa miguu yake ya nyuma, kama mtu anayefunga kashata kwenye karatasi, halafu anakwenda kwenye jani lingine. Mamia ya mayai, kila moja na jani lake. Kabla ya hapo dume amemchezea ngoma. Mnacheka nini? Ni ngoma kweli: anasimama mbele yake ndani ya maji, anakunja mkia, anaupepeza haraka haraka ili harufu yake imfikie bibie. Spishi moja ya Ulaya, dume huota kishungi mgongoni msimu huo, kinachongokachongoka kama upanga wa jogoo, na msimu ukipita kinanywea.

Mtoto wake akitoka kwenye jani ana matamvua nje ya shingo, kama manyoya matatu matatu kila upande. Sasa angalieni hii beseni ya pili. Hawa ni viluwiluwi wa chura. Nimewachota juzi kwenye mfereji wa mpunga kule Mabogini. Pitisheni polepole, msimwage. Kiluwiluwi wa chura ni mla ukoga, anaparuza mawe kutwa. Ukimtazama kwa chini utaona utumbo wake umezungushwa kama donge la chapati lililosokotwa, maana majani yanahitaji utumbo mrefu. Mtoto wa nyuti yeye ni mwindaji tangu siku za kwanza. Tena wa chura miguu ya nyuma inaonekana kwanza. Wa nyuti inatangulia ya mbele.

Halafu inakuja ile kazi kubwa. Kila mwaka wanafunzi waliniandikia kwenye mtihani: "mkia wa kiluwiluwi hukatika na kuanguka." Hauanguki! Nenda kandokando ya mfereji wowote, hutakuta rundo la mikia. Mwili unaumeza mkia kutoka ndani, unautumia. Siku hizo kiluwiluwi hali kitu, maana mdomo wenyewe uko kwa fundi: ulikuwa wa kuparuza ukoga, sasa unapanuliwa uwe wa kukamata wadudu. Utumbo unafupishwa. Matamvua yanaondoka, mapafu yanashika kazi. Fikirini nyumba inayovunjwa na kujengwa upya na mwenye nyumba yumo humo humo, hana pa kuhamia. Nyuti kazi yake ni nyepesi kidogo, maana mkia anabaki nao.

Na akibaki nao, akiukatwa anauotesha. Najua mtasema hata mjusi kafiri wa ukutani anaotesha. Kweli, lakini ule mkia mpya wa mjusi ndani hauna mifupa kama wa kwanza, ni gegedu. Nyuti akikatwa mguu anaotesha mguu kamili: mfupa, msuli, mshipa wa fahamu, na vidole vyake, vinne mbele, vitano nyuma. Wataalamu waliwatoa nyuti wa Japani lenzi ya jicho, ile mboni ya kioo inayofanya babu zenu wapelekwe kufanyiwa upasuaji ikipata ukungu. Ikaota nyingine. Wakaitoa tena. Walifanya hivyo mara 18 kwa miaka 16, wakatangaza matokeo mwaka 2011: lenzi ya mwisho ilikuwa nzima kama ya kijana. Mimi mwenyewe nasubiri zamu ya jicho langu la kushoto, kwa hiyo mnielewe nikiwaonea wivu nyuti.

Sumu pia wanayo. Yuko nyuti wa magharibi ya Marekani mwenye sumu ile ile ya bunju, samaki ambaye watu wa Tanga na Bagamoyo wanamtupa akiingia wavuni. Na yuko wa Hispania na Moroko ambaye akibanwa anasukuma mbavu zake mwenyewe zitoboe ngozi, zitokeze nje kama miiba, zikiwa zimepakwa sumu. Adui akiondoka, mbavu zinarudi ndani na ngozi inapona. Hapo sina la kuongeza.

Sasa dhambi yangu. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa wilaya ya Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Tunalima shamba la shule baada ya mvua, mwanafunzi akafukua kitu kirefu, chembamba, kinang'aa, rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu. Nikasema kwa ile sauti ya ualimu: "Nyoka! Rudini nyuma!" Nikachukua jembe. Yule kijana akasema taratibu, "Lakini Mwalimu, ana pingili kama nyungunyungu." Nikamwambia anyamaze. Nikamkata vipande viwili.

Miaka mingi baadaye nikafungua kitabu, nikamkuta. Anaitwa sesilia: amfibia asiye na miguu, haoni vizuri, anaishi udongoni anakula nyungunyungu na mchwa. Hana meno ya sumu ya kumuumiza mkulima. Pale Usambara ndiko kwao. Kijana alikuwa ametazama, mimi nilikuwa nimepiga kelele, na niliyekuwa na shahada ni mimi.

Kilichonikata zaidi ni habari za jamaa yake wa Taita, hapo ng'ambo ya Holili, mahali ambapo siku ya anga safi unaweza kupaona ukiwa upande wa Rombo. Mwaka 2006 watafiti walieleza jinsi mama wa sesilia wa Taita anavyolea. Akiwa na watoto, ngozi yake ya juu inanenepa, inajaa mafuta. Watoto wana vijimeno maalumu. Wanamzunguka na kumbandua ngozi hiyo, wanaila. Baada ya siku chache imeota nyingine, wanakula tena. Mama ametulia tu. Kina mama mliopo hapa, naona mnatikisa vichwa, hamhitaji maelezo.

Mtoto mmoja ataniuliza, Bibi, sisi tuna nini cha kujivunia, kila kitu ni cha Ulaya na Japani? Tunaye chura wa Kihansi. Ni mdogo, jike hafiki sentimita tatu, rangi ya dhahabu iliyofifia. Hatagi, anazaa vyura wadogo kabisa, wa kutosha kukaa juu ya ukucha wa kidole chako cha mwisho. Duniani kote aliishi mahali pamoja tu, kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, pale maporomoko yanaporusha ukungu wa maji mchana na usiku. Eneo lenyewe ni kama hekta mbili. Wazazi, hiyo ni mashamba machache ya kihamba yaliyoungana. Wataalamu walimwona mara ya kwanza mwaka 1996, wakati bwawa la umeme linajengwa juu ya hayo hayo maporomoko.

Maji yakageuziwa kwenye mitambo, sehemu kubwa sana ya mto ikaacha kupita korongoni, ukungu ukafa. Na ninyi sasa mnajua ngozi ya chura inataka nini. Yakafungwa mabomba ya kunyunyiza ukungu wa kutengenezwa. Vyura 499 wakakamatwa wakapelekwa hifadhi za wanyama za Marekani, Bronx huko New York na baadaye Toledo. Nakumbuka watu walivyocheka: siku hizi hata vyura wanapanda ndege! Nami nilicheka. Mwaka 2003 waliobaki korongoni wakapukutika, ukakutwa pia ugonjwa wa kuvu wa ngozi ya vyura, ambao unaziba ule mlango wa maji na chumvi mpaka moyo unasimama. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Lakini kule walikokuwa wakifugwa, waliendelea kuzaa. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa Dar es Salaam, wakatunzwa Chuo Kikuu, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena korongoni, chini ya mabomba ya ukungu. Umeme wa Kihansi bado unawaka. Huenda hii spika ninayotumia inakula kidogo cha ule ukungu.

Hesabu ya dunia iliyotolewa mwaka 2023 ilisema amfibia 41 katika kila 100 wako hatarini kutoweka. Hakuna kundi lingine la wanyama wenye uti wa mgongo lililo pabaya hivyo. Mnyama anayekunywa na kupumua kwa ngozi, kila dawa ya shambani mnayopuliza kwenye nyanya na kuacha mabaki yaingie kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, yeye ameikalia.

Maswali? Ndiyo, wewe mrefu.

Anauliza: "Bibi, kwa nini tusilete nyuti hapa Moshi tuwafuge? Juu mlimani si kuna baridi kama Ulaya?" Kuna baridi, umefikiri vizuri. Lakini ule ugonjwa wa kuvu umesambaa duniani kwa namna hiyo hiyo, wanyama kubebwa huku na huko wakiwa na wageni kwenye ngozi. Nyuti mmoja mzuri kwenye ndoo anaweza kuwamaliza vyura wa mto Karanga wote, naye mwenyewe haumwi. Acha tumwone kitabuni.

Na wewe, binti wa kitabu? "Nyuti akikatwa mguu, anaumia?" Ndiyo mjukuu wangu. Kuota tena hakumwondolei maumivu ya kukatwa.

Basi, wali unapoa na Mwalimu Mkuu ananionyesha saa. Beseni na ndoo hizi lazima zirudi zilikotoka kabla jua halijawa kali, viluwiluwi Mabogini na mpangaji wangu nyuma ya pipa. Nataka watu wawili wa kunisaidia kubeba mpaka kwenye bajaji. Wewe, na wewe. Hapana, si wewe wa kwenye mti. Nimekuona muda wote unakula embe bichi na chumvi. Kanawe kwanza.